MerleFest, DelFest au Telluride: uende tamasha lipi la bluegrass?

Wengi wanaouliza swali hili huanza na orodha ya wanamuziki. Orodha hiyo isikusumbue sana. Wapigaji wakubwa wa bluegrass huzunguka matamasha mengi, na jina utakalolikosa Aprili una nafasi nzuri ya kulikuta Juni. Mambo yanayoyatofautisha matamasha haya matatu ya milimani Marekani ni mengine: utalaza ubavu wapi usiku, baridi ya saa 9 usiku itakuwa kali kiasi gani, na umekuja kusikiliza tu au umekuja na chombo chako cha muziki mgongoni. Ukiyajibu hayo matatu, tamasha lako utalijua.

Kwa asiyeufahamu muziki huu: bluegrass ni muziki wa nyuzi. Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, Kentucky, aliiita bendi yake Blue Grass Boys, na sura tunayoijua leo ilikamilika Desemba 1945 alipojiunga Earl Scruggs na banjo yake ya nyuzi 5, aliyoidonoa kwa vidole 3. Pamoja na banjo kuna fidla, mandolini, gitaa, besi kubwa ya kusimama, na mara nyingi dobro, gitaa linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kwa desturi hakuna ngoma. Mdundo unashikwa na besi kwenye pigo la kwanza na la tatu, na mandolini inayokata la pili na la nne. Banjo yenyewe ina damu ya Afrika: waliiunda Waafrika waliofanywa watumwa ng'ambo ya Atlantiki, wakikumbuka vyombo vya kwao Afrika Magharibi.

Lini na wapi

MerleFest ni wikiendi ya mwisho ya Aprili, Alhamisi hadi Jumapili, katika viwanja vya Wilkes Community College mjini Wilkesboro, North Carolina, mahali ambapo milima ya Blue Ridge ndiyo kwanza inaanza kuinuka. Lilianza 1988 kumkumbuka Eddy Merle Watson, mpiga gitaa aliyefariki kwa ajali ya trekta mwaka 1985. Baba yake, Doc Watson wa Deep Gap, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, ndiye aliyewafundisha Wamarekani wengi kwamba gitaa linaweza kukimbia sambamba na fidla. Doc alitaka tamasha la muziki wa jadi pamoja na chochote kingine wapigaji walichopenda, kwa hiyo utasikia pia bluzi, gospeli na country ya zamani. Mapato yake hukisaidia chuo.

DelFest ni mwishoni mwa Mei, wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya Marekani ya kuwakumbuka askari waliokufa, katika uwanja wa maonyesho wa Allegany County huko Cumberland, Maryland, kando kabisa ya mto Potomac. Liliasisiwa 2008 na Del McCoury, ambaye mwaka 1963 aliimba na kupiga gitaa katika bendi ya Monroe mwenyewe. Familia ya McCoury hupanda jukwaani mara kwa mara kwa siku zote 4. Zimo pia bendi zinazounyoosha wimbo mmoja kwa robo saa nzima, na vijana huzipenda mno.

Telluride Bluegrass Festival, Colorado, ni siku 4 za katikati ya Juni, karibu na siku iliyo ndefu kuliko zote mwakani. Kwa kalenda bado ni majira ya machipuko, na kwa mlima pia, maana vilele bado vina theluji huku majani ya mitimtetemo (aspen) bondeni yakiwa mabichi. Lilianza 1974. Jukwaa liko Town Park, mwisho wa bonde lililozibwa na milima pande tatu, mita 2,667 juu ya bahari. Sam Bush, mpiga mandolini, amekuwa akilihudhuria kila mwaka tangu 1975.

Kulala: hapa ndipo uamuzi ulipo

Ukitaka kulala kitandani, MerleFest ndilo rahisi kuliko yote. Watu hawapigi mahema chuoni. Wanalala kwenye hoteli za Wilkesboro na North Wilkesboro, nyumba za kupanga, au viwanja vya kambi vya watu binafsi vilivyo jirani. Shida yake ni kwamba mji ni mdogo, na jumla ya mahudhurio ya siku 4 imewahi kuzidi 75,000. Vyumba vya karibu huisha mapema sana. Ukichelewa, usipoteze muda kutafuta pale pale: tafuta Boone, Elkin au Statesville, kisha uhesabu dakika 40 hadi saa nzima ya gari kila upande. Ubaya wa kulala mbali ni kwamba utaondoka saa 3 usiku ukiogopa usingizi barabarani, na kuyakosa maonyesho ya usiku, ukiwemo mkusanyiko wa usiku wa manane wa Jumamosi ambapo wapigaji wa bendi mbalimbali huchanganyikana jukwaani.

DelFest ni kambi. Unalala palepale uwanjani, hatua chache kutoka jukwaani, na hilo ndilo linalolipa tamasha hili moyo wake. Ila ujue mambo matatu. La kwanza, reli iko jirani, na treni ndefu za mizigo hupita usiku kucha zikipiga honi. Bila vizibo vya masikio utahesabu mabehewa mpaka asubuhi. La pili, ukungu wa mtoni hulowesha kila kitu kilichoachwa nje kuanzia saa 8 usiku, kwa hiyo hema liwe na kifuniko cha juu kisichogusana na kitambaa cha ndani. Vikigusana, maji hupenya na kudondokea matandiko. La tatu, ardhi ya uwanja wa maonyesho imeshindiliwa na magari. Vigingi vya plastiki vinavyokuja na hema la bei rahisi huvunjika. Nunua vya chuma, urefu wa sentimita 25 hivi, na ubebe nyundo.

Telluride ndiko kugumu. Mji una wakazi kama 2,600 tu, nao hupokea zaidi ya watu 10,000 kwa siku. Hoteli za mjini bei yake hutisha, na nafasi za kambi ya Town Park, iliyo kando ya jukwaa, hutolewa kwa bahati nasibu miezi mingi kabla. Ukiikosa, kuna kambi nje ya mji kama Ilium na Lawson Hill, ambako mabasi ya tamasha huchukua watu kwenda na kurudi. Njia nyingine, ambayo wageni wengi hawaijui, ni kupanga chumba Mountain Village kule juu: kuna gondola inayoning'inia kwenye waya, haitozwi hata senti, na inakushusha Telluride kwa dakika kama 13. Kwa familia ya watu 4 wanaogawana nyumba, gharama inaweza kukaribiana na hesabu ya kukodi vifaa vyote vya kambi.

Kanuni yetu kwa matamasha yote: usinunue tiketi kabla ya kujua utalala wapi. Watu wengi hufanya kinyume, kisha tiketi inauzwa tena kwa hasara.

Baridi, mvua na kimo

Wilkesboro Aprili mchana hufika nyuzi 20 au 21 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 7 au 8. Aliyelelewa Dar au Mombasa ataiona ni baridi, aliyelelewa Njombe au Limuru atacheka. Adui wa pale ni mvua ya ghafla yenye radi: mteremko wa nyasi mbele ya jukwaa hugeuka tope linaloteleza. Viatu vya mpira virefu vinafaa kuliko raba nzuri. Mwavuli usiubebe, kwa sababu unawaziba walio nyuma. Vaa koti la mvua lenye kofia. Mvua ikizidi, kimbilia Walker Center, ukumbi wa ndani wa chuo ambao nao una ratiba yake ya maonyesho.

Cumberland Mei ni joto zaidi, na shida yake ni kupe. Majani marefu ya kando ya mto huwa na kupe wadogo kuliko punje ya ulezi, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, paka dawa ya kufukuza wadudu, na kila usiku jikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Hiyo humfanya atapike ndani ya jeraha.

Telluride inataka maandalizi ya kweli. Mita 2,667 ni karibu sawa na kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, na tofauti ni kwamba Mandara unafika kwa miguu baada ya saa kadhaa, ilhali Telluride unaweza kushuka kwenye ndege asubuhi na jioni ukawa unacheza mbele ya jukwaa. Kila pumzi hapo ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu usiku wa kwanza ni kawaida. Fika siku moja au mbili kabla, kunywa maji, acha pombe usiku wa kwanza, na ikiwezekana lala njiani mahali pa chini zaidi kama Montrose, penye mita 1,770 hivi. Kichwa kikizidi kuuma huku mtu anayumba akitembea au anahema akiwa amekaa, ashushwe chini mara moja, asisubiri asubuhi.

Jambo moja linatuhusu hasa sisi wenye asili ya Afrika: mwenye ugonjwa wa selimundu asipande Telluride bila kauli ya daktari wake, kwa sababu upungufu wa oksijeni huamsha maumivu makali. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu, asiye na dalili nyumbani, amewahi kuonekana akiumia bandama kwenye vimo vya namna hii. Ni nadra, lakini maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kushoto yasipuuzwe.

Mchana kule ni nyuzi 21 hadi 23, jua kali lisilo na huruma. Usiku hushuka hadi 4 au chini yake. Unaponunua begi la kulalia, soma kipimo cha joto la kustarehe, siyo kile cha kustahimili ambacho hupambwa kwa maandishi makubwa. Kwa Telluride chagua la kustarehe kwenye nyuzi 0 au chini, na uweke godoro lenye kinga ya baridi chini yake, maana ardhi ndiyo inayokunyonya joto zaidi. Maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage makavu yasahau. Beba ya kopo. Na popote utakapopiga hema, jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani hata baridi iwe kali vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Kukaa na kusikiliza

MerleFest lina majukwaa zaidi ya 10 yanayoendelea kwa wakati mmoja. Mgeni hukosea kwa kung'ang'ania jukwaa kuu la Watson siku nzima. Tunashauri lile la Watson uliachie jioni, na mchana uzunguke majukwaa madogo, yaani Creekside, lile la jadi na lile la Americana, ambako mpiga fidla anakuwa mita chache tu mbele yako na unaona upinde wake unavyorudi. Ukiamua kubaki Watson, faida yake ni Cabin, kijukwaa kilicho pembeni: bendi kubwa zinapobadilishana vyombo, mtu mmoja au wawili huimba pale, hivyo muziki haukatiki. Viti vya mbele vinalipiwa na vina namba. Kwa miaka mingi tamasha hili lilijulikana kwa utulivu na kwa kukataza pombe, na familia zenye watoto wadogo hujisikia salama. Sheria za kila mwaka zisome kabla ya kupakia mizigo. Chakula huuzwa kwa wingi na vikundi vya hiari vya pale mjini, na pesa unayolipia sahani inarudi kwa jamii.

Telluride lina jukwaa kuu moja, na nidhamu yake ni ya maturubai. Watu hupanga foleni tangu usiku, lango likifunguliwa asubuhi wanakimbia kutandika turubai mbele ya jukwaa. Anayeona vurugu asiogope, kwani kuna desturi nzuri sana: turubai lisilo na mwenyewe kwa wakati huo unaruhusiwa kukaa, na mwenyewe akirudi unampisha kwa shukrani. Kwa hiyo hata uliyefika saa 8 mchana unaweza kuwa mbele. Kiti kiwe kifupi, cha kukunja, kinachokaa karibu na ardhi. Kirefu utaelekezwa nyuma. Maonyesho ya vikundi vidogo na mafunzo hufanyika Elks Park katikati ya mji.

DelFest liko katikati ya hayo mawili: jukwaa kuu uwanjani, dogo la Potomac pembeni, na maonyesho ya usiku wa manane ndani ya ukumbi, ambayo mara nyingi huhitaji tiketi yake.

Ukija na chombo chako

Hapa tunasema bila kusita: DelFest. Kwa sababu watu wamelala palepale, duara la wapigaji huanza chini ya turubai la jirani saa 4 usiku na huenda mpaka alfajiri. Kabla ya tamasha kuna pia chuo cha siku kadhaa ambapo wapigaji wa kweli hufundisha kwa makundi. Anayetaka kuvuka kutoka kodi (chord) tatu za gitaa hadi kupiga solo, yaani kuongoza wimbo kwa chombo chake, atafaidika pale zaidi ya mwaka mzima wa video. Kambi za Telluride nazo zina miduara mizuri. MerleFest lina sehemu zilizotengwa za kupiga pamoja mchana, lakini jioni watu wanatawanyika kwenda hotelini.

Adabu ya duara ni hii. Simama nje kwanza usikilize nyimbo mbili. Ukiona nafasi, uliza kwa macho. Anayeanzisha wimbo hutaja ufunguo, yaani sauti ya msingi ya wimbo, aghalabu G, A au D, na kasi yake inafuatwa hata kama unaijua nyingine. Zamu ya solo huzunguka. Usipotaka, tikisa kichwa tu, ipite. Mtu anapoimba, shusha sauti ya chombo chako mpaka umsikie maneno. Kiongozi akiinua mguu, wimbo unafikia mwisho. Banjo mbili kwenye duara la watu watano ni nyingi tayari, kwa hiyo wa pili hupumzika au hushika gitaa.

Chombo chenyewe kinateswa na hewa. Gitaa la mbao nzima lililozoea unyevu wa Maryland likipelekwa Colorado hukauka, uso huzama kidogo, nyuzi hushuka zikaanza kuguna kwenye vipande vya chuma vya shingo, na likiachwa hivyo hupasuka kwenye mstari wa mbao. Weka kifaa cha unyevu ndani ya kasha, asilimia 45 hadi 55, na kasha lifungwe kila usipopiga. Upande wa mto Potomac ni kinyume: banjo yenye uso wa ngozi hulegea kwa ukungu na kupoteza mlio wake mkali, ya plastiki haisumbuki. Chombo kisiachwe garini mchana, popote pale. Gari lililofungwa juani hupata joto la kulainisha gundi, na daraja la gitaa huanza kung'oka.

Kufika

Kwa Waswahili wa Maryland, Virginia na Washington, Cumberland ni kama kilomita 220, saa mbili na nusu kwa gari kupitia barabara za 70 na 68. Barabara ya 68 inapanda na kushuka milima yenye ukungu, na ndani ya Cumberland kikomo cha mwendo hushuka hadi maili 40 kwa saa kwenye kona kali. Treni ya Amtrak kutoka Washington pia husimama pale mara moja kwa siku. Jamaa wa Greensboro na Charlotte, wakiwemo ndugu wengi kutoka Kongo, wako saa moja na nusu tu kutoka Wilkesboro. Telluride kutoka Denver au Aurora ni kilomita 530 hivi, saa 6 na zaidi za milima. Kwa ndege utashukia Montrose kisha uendeshe saa moja na nusu. Anayetoka Afrika Mashariki aanze na miadi ya visa kabla ya jambo lolote lenye malipo yasiyorudishwa.

Tungekushauri nini

Mara ya kwanza, au una watoto na wazee: MerleFest, chumba cha hoteli, siku mbili za Ijumaa na Jumamosi zinatosha. Unapiga chombo hata kidogo: DelFest, siku zote 4, hema. Telluride ni la mwenye kupanga nusu mwaka kabla, mwenye afya ya kimo na akiba ya kutosha, na mandhari yake hayana mshindani.

Ukiitamani Colorado lakini hema limekushinda, kuna Durango Bluegrass Meltdown, Aprili, mjini Durango, mita 1,985 hivi. Hilo huchezwa ndani ya kumbi za katikati ya mji, ikiwemo Strater Hotel iliyojengwa 1887, na unatembea kwa miguu kutoka ukumbi hadi ukumbi. Kumbi ni ndogo na tiketi ya mkononi haikuhakikishii kiti kila mahali, kwa hiyo bendi unayoitaka kweli ifikie nusu saa kabla, ukae hata kama anayepiga kabla yao humjui. Usiku wa Aprili kule hugandisha, na theluji huweza kushuka. Gari la kukodi liwe na matairi yanayofaa.